Mama akianguka, watoto wabaki na nani?

SWALI: Ninaishi Mtopanga na wanangu wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa mwaka mmoja u nusu. Mume wangu ni baharia, akitoka hukaa miezi. Nina kisukari cha kujidunga sindano, na mwezi uliopita nilizirai jikoni. Jirani ndiye aliyenizindua. Tangu siku hiyo silali vizuri. Ikitokea tena na ambulensi ikaitwa, watoto wangu watafanywaje? Nimesikia watu wakisema wahudumu hubeba mgonjwa tu, watoto huachwa, au hupelekwa polisi, kisha ukipona unaanza kuwatafuta kwenye makao ya watoto. Na je, naweza kushtakiwa kwa kuwaacha?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mhudumu wa ambulensi aliyefunzwa hafungi mlango wa gari akaondoka huku mtoto wa mwaka mmoja u nusu amebaki peke yake ndani ya nyumba. Hafanyi hivyo hata kama wewe huna fahamu na kila dakika ina thamani. Kwa hiyo hilo la kuachwa lifute. Hilo la polisi lina ukweli kidogo, nitalifikia.

Hapa Mombasa hatuna gari moja linalokuja kwa kila mtu. Yako magari ya kaunti, ya Msalaba Mwekundu, ya St John na ya hospitali za binafsi, na kila mmoja ana fomu zake. Ila wakifika mlangoni mwa mtu, mambo huenda kwa mpangilio unaofanana, maana hali yenyewe ndiyo inayoupanga.

Sisi wahudumu wa ambulensi tunakuwa wawili, wakati mwingine watatu. Mmoja anapiga magoti kwa mgonjwa: pumzi, mapigo ya moyo, na kwa mtu kama wewe, tone la damu kidoleni kupima sukari. Wa pili macho yake yanazunguka chumba. Anaangalia ndara ndogo mlangoni, nepi kwenye kamba uwani, chupa ya maziwa juu ya meza. Mara nyingi hakuna anayetuambia kuna watoto, kwa sababu kila mtu anamtazama aliyeanguka. Na watoto wenyewe hujificha. Mimi nimewahi kumtoa mtoto kwenye kabati la nguo, amejifunika buibui la mamake, kimya kabisa, kwa sababu wameingia wanaume wawili wenye mabuti na mkoba mkubwa. Tukishawaona tunauliza ni wangapi, na tunauliza mara ya pili. Jirani atasema wawili, kumbe wa tatu yuko chuoni, na saa kumi na nusu atarudi na msahafu wake akute mlango una kufuli.

Kabla ya kufikiria nani atawachukua, tunauliza jambo jingine: je, nao si wagonjwa? Ukiingia chumba kimefungwa madirisha, mama amelala hoi, na seredani ina makaa pembeni, usimtibu mama peke yake. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na mtoto anayeonekana amesinzia tu huenda yuko njiani kumfuata mamake. Wote watoke nje, wote wapimwe, wote waende hospitali. Kwako wewe nitaangalia pia ile sindano ilipoangukia, na kama huyo mdogo ameichezea. Dawa za mama zilizobaki wazi ni hatari ambayo watu hawaikumbuki siku ya kizaazaa.

Halafu mkubwa wa miaka 6 ana kazi. Huyo ndiye shahidi wangu. Simuulizi saa, maana hajui saa. Namuuliza, mlikuwa mmeshakula? Katuni ilikuwa imeanza? Msichana mmoja wa umri huo aliniambia, "Mama alijidunga, halafu mgeni akaja, hakula." Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya sentensi hiyo: insulini imeingia, chakula hakikuingia, sukari imeshuka. Daktari wa zamu asingenieleza vizuri zaidi. Lakini mtoto huyohuyo nilipomuuliza mama anaitwa nani, alijibu, "Mama." Na baba? "Baba." Nikamgeukia jirani, naye akanitajia "Mama Fulani", jina la mtoto yuleyule. Miaka mitatu wanaazimana chumvi na hajui jina lake la kitambulisho. Mtu anaweza kufika hospitali akaandikwa hajulikani, na ukumbi mzima unamjua.

Sasa tuje kwenye kukabidhi, ambako ndiko mambo huharibika. Ukiwa na fahamu hata kidogo, neno lako ndilo la kwanza. Wewe ndiwe unayechagua, si mimi, na hata ukichagua mtu anayekaa Changamwe nitampigia simu kwanza kabla ya kumtazama aliye karibu. Ukiwa huna fahamu, natafuta mtu mmoja mzima anayewajua watoto na ambaye watoto wanamjua. Nimesema mmoja. Wakinamama watano wa barazani wakiniambia "tutawaangalia", hiyo kwangu ni sawa na hakuna, kwa sababu kila mmoja ataamini mwenzake ndiye anayeangalia. Namtafuta mmoja, namuuliza, mdogo anaitwaje nyumbani? Analala saa ngapi? Anakunywa maziwa gani? Asiyejua majibu anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini si yeye ninayemtaka. Na huyo mdogo namtazama anavyopokewa. Akinyoosha mikono, nimepata jibu. Akijificha shingoni mwangu, mimi niliyekutana naye dakika kumi zilizopita, hapo naendelea kutafuta.

Simkabidhi mtoto wa miaka kumi na miwili amlee mwenzake, hata akisema amezoea. Simkabidhi mtu ambaye hakuna wa kumthibitisha. Nikishampata mtu wangu, naandika jina lake kamili na nambari ya simu, kisha naipiga nambari hiyo palepale mpaka niisikie ikilia mkononi mwake. Namwachia nambari ya kwetu na jina la hospitali tunakokwenda. Mlangoni nabandika karatasi: watoto wako salama, piga nambari hii. Siandiki wako wapi. Karatasi ya mlangoni husomwa na kila apitaye.

Sikuzaliwa nayajua haya. Miaka ya mwanzo ya kazi tuliitwa Likoni, mama alikuwa anavuja damu vibaya, na feri ilikuwa mbele yetu. Watoto wawili niliwakabidhi mwanamke aliyekuwa ukumbini, amembeba mdogo kiunoni kama wake. Kwenye fomu nikaandika: watoto kwa jirani. Kumbe yule hakuwa jirani. Alikuwa mgeni wa chumba cha tatu, ametoka Ukunda kuja kumjulia hali shangazi yake, na jioni alipaswa kurudi. Wa kumpa watoto hakumwona, kuwaacha hakuweza, basi akafanya lile ambalo moyo wake ulimwambia: akaondoka nao. Baba mtu alifika saa mbili usiku, nyumba kimya. Akavuka kwenda hospitali, mke yuko chumba cha upasuaji. Akaonyeshwa fomu yangu. Watoto walipatikana alfajiri, wameoga, wamekula, wamelala wakiwa wamefunikwa leso moja. Hakuna aliyefanya ubaya usiku ule isipokuwa mimi na neno langu moja. Neno "jirani" sijaliandika tena kwenye fomu.

Utaniuliza, kwani hamuwezi kuwabeba tu watoto pamoja na mama yao? Tunaweza, na wakati mwingine ndiyo njia pekee. Asipopatikana mtu, na mgonjwa hali yake haingoji, watoto wanapanda, na tunapiga simu tukiwa njiani ili mtu atukute hospitali. Lakini si chaguo langu la kwanza. Nyuma ya gari kuna machela, benchi la pembeni na kiti kimoja karibu na kichwa cha mgonjwa. Mtoto lazima afungwe mkanda. Kumpakata hakutoshi, hata apakatwe na shangazi mwenye nguvu namna gani. Gari likigonga kitu likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo kumi atatoka mikononi mwake kama chungwa. Na kama moyo wa mama utasimama pale darajani Nyali, nitaanza kumkandamiza kifua mbele ya macho ya mwanawe, nami nitakuwa na wagonjwa wawili.

Tena fikiria kule wanakofika. Chumba cha dharura usiku kina damu, walevi, watu wa ajali za bodaboda na kikohozi cha kila aina. Muuguzi ana wagonjwa ishirini. Kwa mtu wa Likoni kuna na feri: mtoto akishavushwa kuja kisiwani, bibi yake inabidi avuke kumfuata, na usiku hilo si jambo dogo. Mtoto akilala kitandani pa mtu anayemjua, mtaa uleule, ni bora kuliko kukesha kwenye benchi la hospitali. Anayenyonya ndiye ninayemfikiria mara mbili, na huyo nikimchukua napenda aje na mtu mzima wake.

Wakipanda, tunasema nao. Mtoto mdogo hudhani yeye ndiye aliyemfanya mama augue, kwa sababu asubuhi alikataa uji akagombezwa. Kwa hiyo namwambia wazi: mama ni mgonjwa, wewe hukufanya kosa, tunampeleka kwa daktari. Simwambii mama amelala, maana usiku ataogopa kulala. Wenzangu wengine hupuliza glavu ikawa puto lenye vidole. Kwa mkubwa sawa, lakini kwa wa mwaka mmoja sikubali. Likipasuka, kipande huingia mdomoni kabla hujageuka.

Kuna hali nyingine hukuiuliza na ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Mama ana fahamu zake, amepimwa, sukari inacheza, na anakataa kupanda gari. "Nitaenda kesho, watoto nitawaacha na nani?" Anatia sahihi fomu ya kukataa na anabaki. Mhudumu mvivu huchukua ile sahihi akaondoka. Mimi namwambia mwenzangu alete maji tukae. Tunapiga simu kwa dada yake, kwa wifi, kwa mwalimu wa madrasa, tukitafuta mtu wa watoto. Dakika kumi na tano za kumtafuta shangazi huwa ni tiba kuliko dripu niliyoitundika. Wewe nakuomba usije ukawa mama huyo. Sukari iliyoshuka inaweza kupanda ukanywa chai ukajiona mzima, kisha ikashuka tena baada ya saa chache, usiku, wenyewe mmelala.

Polisi sasa. Tunawaita pale ambapo hakuna mtu kabisa, au aliyepo amelewa, au nyumba ina dalili ya ugomvi na nahisi mtoto hayuko salama na aliyebaki. Vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto, na hapo ndipo tunapoomba waende, si kaunta. Iko pia nambari 116, ya kusaidia watoto, ambayo haina malipo na inapokea mchana na usiku. Hao humfikia afisa wa watoto. Hospitali kubwa zina maafisa wa ustawi wa jamii ambao kazi yao mojawapo ni hiyo hiyo, kutafuta nyumbani kwa mtoto. Makao ya watoto huja mwisho wa yote, baada ya jamaa kukosekana, na kumweka mtoto huko si uamuzi wa dereva wa ambulensi. Unapitia kwa afisa wa watoto na Mahakama ya Watoto, ambayo hapa kwetu iko Tononoka. Kwa Uingereza, kwa mfano, polisi wanaruhusiwa na sheria ya mwaka 1989 kumshika mtoto kwa usalama wake kwa muda usiozidi saa 72. Huko mtu hamjui wa mlango wa pili. Hapa, katika miaka yangu yote, watoto wa wagonjwa niliowapeleka mpaka kwenye mikono ya serikali hawazidi vidole vya mkono mmoja. Karibu kila mara mtu hutokea, hata awe ni muuza mahamri wa kona.

Kushtakiwa? Kuugua si kutelekeza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamwadhibu mzazi anayemtupa mwanawe au kumnyima matunzo akiwa na uwezo, si mama aliyezirai jikoni. Katiba yenyewe, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Vyote viwili viko upande wako.

Lakini nikwambie ukweli, dada. Siku hiyo ikifika, inawezekana sana usije ukaiona ambulensi. Utabebwa kwa tuktuk. Mtopanga mpaka hospitali ya Makadara watu wameenda hivyo miaka na miaka, na simlaumu jirani anayeona gari linachelewa akakodi linalopita. Shida ya tuktuk ni kwamba yule mwanamke mmoja anayekujua vizuri, anayejua dawa zako na jina la mwanao, ndiye atakayeruka ndani kukushika kichwa. Wote wenye akili wanaenda na mgonjwa. Ukumbini wanabaki watoto wawili na seredani inayowaka. Hakuna mhudumu wa kuuliza ni wangapi, hakuna fomu. Basi zungumza na jirani zako wawili mapema, mgawane: huyu anakwenda na mimi, huyu anabaki na watoto na kuzima moto. Wakijua ni wawili, kila mmoja atajua kama apande au abaki.

Mwambie pia huyo aliyekuzindua kwamba soda ni ya mtu anayeweza kumeza. Ukiwa umezirai kabisa, kitu cha maji mdomoni kinaingia mapafuni. Akulaze ubavu na atafute msaada. Mara iliyopita mlibahatika.

Mkubwa wako mfundishe mambo matatu tu, mengi atayachanganya. Jina lako kamili. Jina la baba. Na mlango wa kukimbilia, kwa nani, na aseme nini: "Mama haamki." Mfanyieni mchezo, akimbie kweli mpaka kwa huyo mama, agonge, aseme, apewe kashata arudi. Nambari ya simu ya bibi yake muimbie kila mnapokoga mpaka aiimbe peke yake.

Simu yako nayo iseme wewe ukinyamaza. Mwaka 2005 mhudumu wa ambulensi wa Uingereza, Bob Brotchie, alianza kuwashauri watu wahifadhi nambari ya jamaa wa dharura kwa herufi ICE (kifupi cha Kiingereza cha "wakati wa dharura"), na wahudumu wengi duniani wamezoea kuzitafuta. Siku hizi simu nyingi zimefungwa kwa nambari ya siri, kwa hiyo jaza ile sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila siri: kisukari, jina la dawa, nambari ya dada yako. Mumeo usimweke wa kwanza. Yuko baharini, na nisipompata nitakuwa nimepoteza dakika tano. Kisha andika karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa jokofu, ambako sisi hufungua kutafuta insulini: watoto wawili, majina, anayewapokea, na asiyeruhusiwa kuwachukua ikiwa yupo. Hilo la mwisho wanawake wengi huona haya kuliandika. Liandike.

Limebaki jambo moja, na hili nimelikuta mara nyingi Kisauni kuliko kwingine. Nyumba ina grili ya chuma, na mama, kwa kumwogopea mdogo asitoke barabarani, hutia kufuli kwa ndani na kuuficha ufunguo juu ya kabati. Nimewahi kusimama nje ya grili kama hiyo nikiwaona watoto wawili wamekaa kando ya mama yao sakafuni, mkubwa ananiangalia, ananyoosha mkono kunionyesha ufunguo ulipo, haufikii. Tulikata kufuli kwa msumeno wa fundi wa jirani, dakika kumi na mbili. Mama alipona. Ufunguo wa pili wa kufuli lako uwe kwa yule jirani wa watoto kabla ya magharibi ya leo.